Salamu za Pasaka: Milango Ilikuwa Bado Imefungwa

Wapendwa wangu, Bwana Yesu asifiwe. Kristo amefufuka! Nawasikia mkijibu huko mliko: amefufuka kweli kweli.

Mbukwenyi nyote: mlio hapa Dodoma, mliohamia Dar es Salaam na Mwanza kutafuta maisha, wanangu na wajukuu, wanajumuiya wenzangu, na ninyi niliowafundisha zamani ambao leo watoto wenu wananiita bibi. Mvua zinaelekea ukingoni, uwele umetoa masuke, watoto wanashinda mashambani kuamia ndege. Kwaya imefanya mazoezi wiki nzima mpaka sauti zimekauka. Pasaka imeingia. Nawatakia iwe ya heri na amani, na juu ya hiyo amani nataka niseme nanyi kidogo, maana mwaka huu nimeitafuta kwa shida.

Wengi wenu mnajua yaliyonipata mwezi wa Novemba. Saa nane za usiku watu wanne walivunja mlango wa uani kwa jiwe kubwa, lile wanaloliita fatuma. Nilikuwa na wajukuu wawili. Walichukua televisheni, simu, na ada ya shule niliyokuwa nimeifunga kwenye pindo la kanga. Hawakutugusa, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku. Lakini tangu usiku ule sikujua tena kulala. Paka akiruka juu ya bati, nakaa kitako kitandani mpaka adhana ya alfajiri.

Fundi alikuja akachomelea geti na nondo za madirisha. Nikaongeza makomeo matatu na kufuli mbili. Saa kumi na mbili jioni, jua halijazama vizuri, nimeshafunga. Jumuiya yetu, ambayo kwa miaka 11 ilikuwa ikisali sebuleni kwangu kila Alhamisi jioni, niliiomba ihamie kwa mwenzetu. Nilisema miguu inaniuma. Wapendwa, miguu haikuwa inauma. Niliogopa kufungua mlango gizani, na niliona aibu kulisema hilo, mimi mzee wa kanisa niliyewakaririsha watoto wa Shule ya Jumapili kwamba Bwana ndiye mchungaji wangu.

Siku hizo nilipata washauri wa kila namna. Mmoja alininong'oneza kwamba yupo mtaalamu anayezindika nyumba, mwizi akiingia analala palepale sebuleni hadi kunakucha. Mwingine, na huyu ni Mkristo mwenzangu, aliniletea chupa ya mafuta aliyoinunua kwenye mkutano wa maombi nipake miimo ya milango, akaniambia kwamba mwenye imani haogopi. Wote wawili walinitakia mema, sina neno nao. Lakini nilipotafakari niliona zindiko lile na mafuta yale ni mtu na ndugu yake. Vyote viwili huuzwa kwa mtu anayetetemeka, na ukishanunua, hofu inaongezeka, kwa sababu sasa unaogopa pia dawa isije ikaisha. Na lile neno kwamba mwenye imani haogopi liliniumiza kuliko mlango uliovunjwa. Kama ni kweli, basi mimi sikuwa na imani, na mitume nao hawakuwa nayo.

Kwaresima hii nilirudi kwenye sura ya 20 ya Injili ya Yohana, nikaisoma polepole kama nilivyokuwa nikisahihisha madaftari. Jioni ile ya Pasaka ya kwanza sote tunaijua. Wanafunzi wamejifungia ndani, "milango imefungwa kwa hofu ya Wayahudi" (na tuelewane hapa, wao wenyewe walikuwa Wayahudi, waliowaogopa ni wakubwa waliomtoa Yesu auawe). Akaja Yesu, akasimama katikati, akawaambia, "Amani iwe kwenu." Akawaonyesha mikono yake na ubavu wake, wakafurahi. Mahubiri mengi niliyoyasikia huishia hapo, au hurukia moja kwa moja kwa Tomaso na shaka yake.

Mimi nilikwama kwenye mstari wa 26. Baada ya siku nane, yaani Jumapili iliyofuata, wanafunzi walikuwamo ndani tena, na Tomaso pamoja nao. "Akaja Yesu, na milango imefungwa." Mstari huo nimeusoma tangu niko darasa la kipaimara na sikuwahi kuuona. Milango ilikuwa bado imefungwa! Walikwisha kumwona Bwana kwa macho yao. Waliyaona makovu. Alikwisha kuwavuvia Roho Mtakatifu na kuwaambia kwamba anawatuma kama Baba alivyomtuma yeye. Na wiki nzima baadaye, jioni ile, kuna mtu aliyenyanyuka akaenda kusukuma komeo. Labda ni Petro. Labda ni Yohana mwenyewe, ndiyo maana akakumbuka kuandika.

Yesu hakuwauliza habari za mlango. Hakusimama nje akingoja wapate ujasiri kwanza. Aliingia, akasimama katikati, akatoa salamu ileile ya wiki iliyopita: Amani iwe kwenu. Niliifunga Biblia nikalia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Tangu hapo nikaanza kuitafuta hofu katika habari za Pasaka, nikaikuta kila mahali. Petro anamwogopa kijakazi. Wanawake, katika Injili ya Marko, wanatoka kaburini mbio, "wala hawakumwambia mtu neno, kwa maana waliogopa". Anayenigusa zaidi ni Yusufu wa Arimathaya. Yohana anasema waziwazi kwamba alikuwa mwanafunzi wa siri, kwa sababu ya hofu. Yesu aliposhangiliwa kwa matawi, Yusufu hakuonekana. Siku Yesu alipokufa, wakati hakukuwa na faida yoyote tena ya kujulikana kama mtu wake, ndipo mwoga huyu akaenda kwa Pilato kuuomba mwili. Nikodemo, aliyekuwa amemwendea Yesu usiku hapo awali, akaja na manemane na udi, yapata ratli mia. Sidhani kama hofu yao ilikuwa imekwisha. Kuomba maiti ya mtu aliyeuawa na serikali ni kujitangaza mbele za watu. Walikwenda nayo hofu yao, kama mama anavyokwenda shambani na mtoto mgongoni.

Nikifikiria mwili ule uliotolewa, naukumbuka mwili mwingine ambao haukutolewa. Nilikuwa binti wa sekondari habari za Uganda zilipotufikia mwaka 1977. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari, kama saa saba na nusu, mbwa alibweka nyumbani kwa Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana huko. Aliposhuka akachungulia, alimwona mtu anayemfahamu amesimama mlangoni, ana jeraha usoni. Akadhani anahitaji msaada, akafungua. Kumbe walikuwapo askari wenye bunduki wamejificha. Waliingia wakapekua nyumba nzima wakidai anaficha silaha, wasizipate.

Maaskofu walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga. Tarehe 16 ya mwezi huohuo waliitwa mbele ya wakubwa mjini Kampala. Wenzake wakaambiwa waende zao, yeye akabakizwa. Kesho yake ikatangazwa kwamba amekufa kwa ajali ya gari, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Walioushuhudia mwili wake waliona matundu ya risasi.

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa Namirembe, penye kanisa kuu la Kianglikana mjini Kampala, jirani na la Askofu James Hannington aliyeuawa mwaka 1885. Mwili haukuletwa. Ulipelekwa kaskazini, Mucwini, kijijini kwao, ukazikwa huko. Lakini Jumapili ya tarehe 20 watu walifurika kanisani Namirembe, ingawa serikali ilikuwa imepiga marufuku ibada ya kumkumbuka. Ibada ilipokwisha walilizunguka kaburi lile tupu, na Erica Sabiti, askofu mkuu mstaafu aliyemtangulia Luwum, akawatamkia maneno ambayo malaika aliwaambia wanawake: hayupo hapa, amefufuka. Wakaimba. Hebu wafikirieni watu wale, na askari mitaani, wakiimba.

Siku hizohizo Askofu Festo Kivengere, aliyepata kuwa mwalimu hapahapa Dodoma, alivuka milima kwa miguu na mkewe wakaingia Rwanda. Luwum alibaki, Kivengere akakimbia. Nimewahi kuwasikia watu wakiwapima hao wawili kana kwamba mmoja alikuwa na imani kuliko mwenziwe. Sikubali. Yeye aliyesema "msiwaogope wauuao mwili" ndiye aliyesema, katika sura hiyohiyo ya 10 ya Mathayo, "watakapowafukuza katika mji huu, kimbilieni mwingine". Alijua kuna siku ya kubaki na siku ya kukimbia, na siku zote mbili yupo.

Naufikiria sana ule mlango wa saa saba na nusu. Luwum alifungua kwa sababu aliona mtu ana jeraha. Ujasiri huo mimi sina, siwezi kuwadanganya katika siku kama hii. Wala simshauri mama yeyote amfungulie usiku mtu asiyemjua. Kufuli si dhambi. Dhambi niliyoiona kwangu ilikuwa ile ya mchana: kuwaambia ndugu zangu kwamba ni miguu.

Marehemu mume wangu alikuwa Mmoraviani wa Rungwe. Wamoraviani wana desturi, iliyoanzia Herrnhut huko Ujerumani mwaka 1732, ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka. Mwaka wa kwanza aliponipeleka kwao nilitetemeka njia nzima. Nilikolelewa mimi, mtoto akitumwa jioni huzunguka njia ndefu asikatize makaburini, na mtu mzima hamkemei, kwa sababu naye angezunguka. Lakini pale watu walisimama katikati ya makaburi ya bibi na babu zao, watoto wachanga mgongoni, matarumbeta yakilia, baridi ya Rungwe ikituuma, mpaka kukapambazuka. Baadaye nilimwuliza mume wangu kama hakuwahi kuogopa kwenda. Akasema huogopa kila mwaka, ndiyo maana huenda na wenzake.

Neno lake lilinirudia juma la nne la Kwaresima. Nikampigia simu mwenyekiti wa jumuiya, nikamweleza ukweli wote, wa wezi na wa miguu, nikaomba Alhamisi ile waje kwangu. Walikuja 14. Mzee mmoja alichukua kiti akakiweka karibu na mlango bila kuambiwa na mtu, na hakukihamisha mpaka Sala ya Bwana. Tulisoma Zaburi ya 56: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Daudi hasemi kwamba hana siku hiyo. Anaiita yake.

Nilipokiri habari ya miguu, nilidhani watacheka. Kukawa kimya. Kisha dada mmoja akasema kwamba ana wiki tatu anangoja majibu ya kipimo cha uvimbe na hajamwambia hata mumewe. Mama mwingine akasema mwanawe anaendesha bodaboda usiku, na yeye halali hadi asikie pikipiki inazimwa uani. Kijana wetu wa kwaya, mpole yule, akasema mkataba wake wa kazi unaisha mwezi wa Juni na kila asubuhi anatoka nyumbani na tumbo limemshika. Kumbe sebule nzima ilikuwa imejifungia, kila mmoja na komeo lake. Tuliombeana kwa majina mpaka saa tatu. Sikuangalia saa. Usiku ule nililala hadi saa kumi na moja, usingizi wa kwanza mzima tangu Novemba. Ijumaa yake sikulala vizuri tena. Nawaambia na hilo, ili asiwepo wa kudhani nimepona kwa siku moja.

Basi, wapendwa, pokeeni salamu zangu. Wewe unayengoja majibu, Pasaka njema. Jumanne nitakuwa kwenye benchi pamoja nawe, nimeshaaga nyumbani. Mama wa bodaboda, Pasaka njema, nimeliandika jina la mwanao ukutani kwangu juu ya kitanda. Wanangu mlio mbali, mnaopiga simu kila jioni kuuliza kama nimefunga: ndiyo, nimefunga, na Bwana yumo ndani. Na ninyi watu wanne wa Novemba, popote mlipo, nawaombea. Mwanzo niliomba kwa meno yaliyoumana, sasa yanaanza kulegea.

Jumatatu ya Pasaka nyote karibuni kwangu kuanzia saa tisa alasiri. Pilau ipo, mlenda upo kwa wasiokubali sikukuu bila ugali wa uwele, na watoto watapata maandazi. Geti nitaliacha wazi mpaka saa tatu usiku, mzee wetu ameshaahidi kuleta kiti chake. Atakayechelewa na kukuta nimefunga asirudi nyumbani. Apige hodi taratibu na ataje jina lake, maana bado nashtuka. Nitafungua.