Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tafiti za Fani Nyingi na Suala la Mizani

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa ya mwaka mbele ya Mkutano Mkuu. Habari za vikao, za wanachama wapya na za fedha mtazisikia kwa Katibu na kwa Mweka Hazina, na sioni sababu ya kuwarudishia yale yale kwa maneno mengine. Mimi nitazungumzia jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima: kama wanasayansi, wahandisi na watu wa sanaa waendelee kukaa katika chama kimoja, na kama wataendelea, kazi zao zipimwe kwa mizani ipi.

Hoja ya kukigawa chama katika matawi matatu yanayojitegemea ililetwa kwenye Kamati ya Utendaji na wanachama wenye nia njema kabisa. Walisema kwamba mhandisi anayesikiliza mada kuhusu vina vya tenzi anapoteza jioni yake, na kwamba mtafiti wa ushairi hafaidiki chochote na mjadala wa uimara wa zege. Kamati haikuikataa hoja hiyo. Iliamua kwamba, kabla ya kufika mbele yenu, vikao vya kusoma vya mwaka huu vichague tafiti zilizofanyika hapa nchini na katika pwani yetu ambazo hazikai sawasawa ndani ya ua wa fani moja, ili kila mwenye msimamo aujaribu msimamo wake juu ya kitu halisi. Tukaanza na Kihansi.

Mwaka 1996, wakati mradi wa umeme ukiendelea kujengwa, wataalamu waliokuwa wakichunguza mazingira ya korongo la Kihansi katika milima ya Udzungwa walimkuta chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyezidi sentimita tatu kwa urefu, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto waliokamilika. Makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache tu zilizoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko. Mitambo yenye uwezo wa megawati 180 ilipoanza kuyachepusha maji, manyunyu yalipungua karibu yote. Wahandisi wakatandika mabomba ya kunyunyizia maji, yaani mvua ya kutengenezwa, na mwaka 2000 vyura 499 wakasafirishwa hadi Marekani kwenda kutunzwa katika bustani za wanyama. Waliobaki korongoni walionekana kupata nafuu, kisha mwaka 2003 idadi yao ikaporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura ukatajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura huyo ametoweka porini, na kuanzia mwaka 2012 wazao wa wale waliopelekwa ng'ambo wakaanza kurejeshwa kwao.

Kikao hicho kiliwaka moto, na nasema hivyo kwa furaha. Mwanabiolojia wetu alitaka kujua kilichowaua vyura wale, na hakuwa tayari kutaja sababu moja mahali ambapo kiu ya maji, ugonjwa na mengineyo vilikutana kwa wakati mmoja. Mhandisi alijibu kwamba yeye hana anasa ya kungoja hadi sababu zote zijulikane. Bomba hutandikwa leo kwa makadirio, hurekebishwa kesho, na kipimo chake ni kama ardhi imelowa au haikulowa. Mwanachama mmoja wa falsafa, ambaye kwa kawaida huketi nyuma akinyamaza, aliuliza ni kwa kanuni gani nchi yenye uhaba wa umeme hupaswa kugawana maji na chura. Hakuna aliyeweza kumjibu kwa takwimu. Nikatambua kwamba watu hawa hawakutofautiana juu ya Kihansi. Kila mmoja alikuwa na maana yake ya neno ushahidi, na maana zote tatu zilihitajika ili korongo lile lieleweke.

Buhaya ilitupa funzo la namna nyingine. Peter Schmidt, mwanaakiolojia Mmarekani, alifuata masimulizi ya mapokeo ya wazee wa Kihaya kuhusu mfalme Rugomora Mahe na mti wa Kaiija kule Katuruka, karibu na Ziwa Nyanza, mahali palipokumbukwa kuwa ni pa wahunzi. Alipochimba alikuta mabaki ya ufuaji wa chuma yaliyo ya kale mno kuliko mfalme mwenyewe. Masimulizi yalikuwa yameitunza kumbukumbu ya mahali hata pale ambapo hayakutunza tarehe. Baadaye, katika miaka ya 1970, wazee waliowahi kuiona kazi hiyo utotoni waliombwa wajenge upya tanuri na kuyeyusha chuma kama walivyokumbuka, na Schmidt akashirikiana na mhandisi wa metali, Donald Avery, kupima joto na kuchunguza vipande vilivyopatikana. Makala yao ya mwaka 1978 katika jarida la Science ilidai kwamba mabomba ya udongo, kwa kuwa yalizama ndani ya tanuri, yaliipasha moto hewa ya mivukuto kabla haijafika kwenye mkaa, na kwamba ufundi wa namna hiyo ulikuwako huko miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wataalamu wengine wa metali wamelipinga dai la kupashwa kwa hewa, na ubishi wao una hoja nzito. Lakini hata mpingaji anabishana juu ya tanuri ambalo lisingejulikana kama mtu asingekaa barazani na kusikiliza habari za mfalme na mti. Mimi ni mtu wa historia, kwa hiyo msishangae nikisema hapa niliona fahari kidogo.

Fahari hiyo ilipunguzwa na kikao kilichofuata, tuliposoma utafiti wa mwaka 2023 katika jarida la Nature kuhusu vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani, ikiwamo Kilwa, Songo Mnara na Mtwapa, pamoja na makazi ya bara. Kwa miongo mingi wanahistoria walitofautiana juu ya masimulizi ya Washirazi: wapo waliosema wakuu wa miji walitoka Uajemi, na wapo waliosema hizo zilikuwa nasaba za kujipa hadhi. Mifupa ilionyesha kwamba watu wengi kati ya wale waliochunguzwa walikuwa na asili ya Kiafrika kwa kiasi kikubwa, hasa upande wa akina mama, na asili ya Kiasia, kwa sehemu kubwa ya Kiajemi, iliyotoka hasa kwa akina baba, na kwamba uchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Maabara ilifanya kile ambacho nyaraka zimeshindwa kukifanya. Hata hivyo niliwaomba wajumbe waangalie mipaka yake. Makaburi yaliyochunguzwa mengi ni ya watu wa daraja la juu, na kinasaba hakisemi mtu aliswali wapi, alilima au alisafiri, wala aliwabembeleza watoto wake kwa lugha gani. Lugha ya miji ile ilikuwa na imebaki ya Kibantu, na hilo limejulikana kwa kazi ya wanaisimu, si kwa mifupa.

Vikao vingine nitavipita haraka. Chujio la maji la Askwar Hilonga wa Arusha, lililompatia tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015, linaunganisha kichujio cha mchanga, ambacho hata bibi zetu wangekitambua, na kemia ya chembe ndogo mno. Panya buku wanaofunzwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu walituchekesha, kisha wakatunyamazisha.

Muda ni sehemu nyingine ya mizani inayotupotosha. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wake wa maziwa ya moto ukiganda kabla ya ule uliopoa, na alichekwa alipouliza kwa nini. Makala aliyoandika na Denis Osborne ilitoka mwaka 1969. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliandika kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha wa jambo hilo katika maji. Mwaka 2020 wengine wakaonyesha tabia inayofanana nayo katika mfumo mwingine kabisa. Swali la mtoto wa shule limedumu zaidi ya nusu karne. Fomu zetu za ruzuku huuliza matokeo baada ya miezi kumi na miwili.

Hapo ndipo ninapofika kwenye lawama, na ya kwanza ni yangu. Mwanachama wetu mmoja aliomba fedha kwa mfadhili mmoja ili arekodi waimbaji wazee wa taarabu na kulinganisha mashairi yao. Fomu ilimtaka ataje nadharia tete, sampuli na kifaa cha kipimo. Alijitahidi kuivika kazi yake nguo zisizo zake, na akakataliwa kwa maelezo kwamba mbinu hazieleweki. Alipokuja kwetu kuomba ruzuku ndogo ya chama tukampa fomu ile ile, kwa sababu miaka iliyopita tuliinakili bila kufikiri, na sahihi iliyoidhinisha ni yangu. Mwimbaji mmoja kati ya wale aliotaka kuwarekodi amefariki dunia tangu wakati huo. Nimemwomba mwanachama huyo radhi ana kwa ana, na ninarudia mbele yenu.

Kwa hiyo Kamati inaleta mapendekezo mawili. La kwanza ni kwamba chama kisigawanywe, ila kila fani iruhusiwe kuwa na kikao chake kila robo mwaka kwa mambo yasiyowahusu wengine, maana mwenye zege ana haki ya kuzungumza zege bila kuomba samahani. La pili ni kwamba fomu ya ruzuku iandikwe upya, mwombaji aeleze kwa maneno yake mwenyewe ni kitu gani katika fani yake huhesabiwa kuwa ushahidi, kitachukua muda gani kukusanywa, na nani anaweza kukikagua. Na kwamba kila atakayepata fedha aandike muhtasari wa Kiswahili usiozidi kurasa mbili, utakaosomwa kwanza na mwanachama wa fani nyingine. Wapo walioniambia kwamba sharti hilo la lugha ni mzigo kwa watu wa fizikia. Ni mzigo kweli, hasa kwenye istilahi, na tumewaomba wanaisimu wetu wasaidie kuubeba.

Pendekezo la kwanza linahitaji theluthi mbili ya kura za waliohudhuria, la pili wingi wa kawaida. Nakala za rasimu ya fomu ziko kwa Katibu, na kura zitapigwa mara baada ya taarifa ya Mweka Hazina.

Mwenyekiti