Pendo, anza na visu

Igogo, Mwanza
Novemba

Mpendwa Pendo,

Mwangaluka! Najua utaisoma jioni, lakini huko Bukoba nani atakusalimia hivyo? Sisi hatujambo. Kulwa kang'oka jino, Doto analia kwa sababu lake halijatikisika. Nimeamua kuandika kwenye karatasi, maana mambo ya watu wa kazini siyataki kwenye simu inayochezewa na watoto. Mjomba anapanda meli usiku huu, atakukabidhi mwenyewe.

Hongera ya cheo. Unasema wahudumu wako wawili wa hapo hotelini, Mhaya na Msukuma, hawapitishi siku bila kurushiana maneno, na unataka uwatenganishe zamu kwa sababu ni ukabila tu. Pendo, Wahaya tutawatania mpaka tuzeeke. Ila kazini hilo neno "ukabila" lilishaniumbua.

Nilipopewa usimamizi hapa kiwandani kwetu kwa samaki, meza ya tatu ilikuwa na wakata minofu wawili, Mkurya na Msukuma, wanaotukanana toka saa moja asubuhi. Kila mtu akaniambia Wakurya ndivyo walivyo. Nikawaita ofisini, nikawahubiria umoja wa taifa, wakaitikia ndiyo mama, wakarudi kutukanana. Siku moja mtu hakuja, nikavaa koti na gambuti nikakaa nafasi yake, upande wa yule Mkurya. Saa moja tu, Pendo! Kisu hakikati. Unakandamiza, mnofu unatoka na matobo, nyama nzuri inabaki kwenye panki, ile mifupa ya kutupwa, ofisa ubora anakurudishia trei. Kumbe mnoaji anaanzia upande wa pili kila asubuhi, na akifika huku kwetu jiwe limechoka na yeye kachoka. Malipo ya ziada yanahesabiwa kwa kilo. Kwa hiyo kila siku mmoja anamwona mwenzake akimpita kwa kilo ambazo si za ufundi wake, na huyo wa kisu kikali anamcheka. Tukaandika namba kwenye visu, mnoaji akawa anaanza huku leo, kule kesho. Matusi yakaisha ndani ya wiki mbili. Hawapendani hadi leo, na sina neno, sikuajiriwa kuwaozesha.

Sasa niambie: hapo hotelini, nani anapanga meza? Zile za upande wa ziwa, wanakokaa wageni wa kutoa tipu, anapewa nani? Ukishajua hilo ndipo uniambie habari ya makabila.

Sisemi tofauti hazipo. Kuna binti wa Kijita aliyekuwa anashinda amenuna kwa sababu mezani kwake wote wanaongea Kisukuma, na wakicheka anajua anachekwa yeye. Wengine wakataka nikipige marufuku. Kisukuma, Mwanza! Nilisema maelekezo ya kazi yatolewe Kiswahili, mapumzikoni kila mtu aongee lugha ya bibi yake. Dini ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa: Wasabato hawaingii Jumamosi, wanaziba Jumapili za wengine, na Ramadhani chakula cha zamu ya jioni tunakisogeza kiendane na futari. Waliyapanga wenyewe, mimi nilisaini tu.

Lililoniuma ni jingine, nalo sijamwambia mtu. Kulikuwa na mama mmoja anayetoroka kwenda chooni kila baada ya muda. Nikahesabu, mara nne kwa zamu. Mara ya tano nikamsubiri, nikamsema mbele ya meza nzima, kwamba hapa si pa kuchezea simu. Hakujibu. Akasimama tu na mikono kifuani. Nikaona koti limeloa, na si maji ya samaki, maana pale juu maji ya samaki hayafiki. Alikuwa anaenda kukamua maziwa sinkini. Mtoto ana miezi mitatu na kitu, yuko kwa jirani.

Mimi, Pendo. Mimi niliyekaa nyumbani siku 100 badala ya 84 kwa sababu nilijifungua mapacha, na nikirudi nilijua sheria ya kazi inanipa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Sheria hiyohiyo, ya 2004. Yeye hakuijua, na msimamizi wake aliyeijua alikuwa anahesabu safari zake za chooni. Nilimwomba radhi palepale mezani, mbele ya walewale, sikumwita pembeni. Alinijibu "haya mama" bila kuniangalia. Sasa anatoka mchana anakwenda kwa mwanawe. Salamu yake kwangu bado ni fupi.

Na usifukuze mtu kwa mdomo ukiwa na hasira. Msimamizi mmoja ninayemjua alimfukuza mtu getini. Yule bwana hakumaliza siku 30, akawa ameshafika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanakopeleka migogoro ya kazi. Wakaulizwa barua ya kumtaka ajieleze iko wapi. Haikuwepo.

Kuhusu kichwa kukuuma na usingizi kukukimbia: mimi nilidhani ni malaria. Samaki wasipofika, vibarua wanakaa getini wananitazama kama mimi ndiye niliyewazuia sangara ziwani. Wakija kwa mkupuo, kila mtu anataka tani, na grupu la wasimamizi linalia saa nane usiku kuuliza barafu. Nikawa nalipua nyumbani kwa kijiko kilichoanguka. Doto akaniuliza, "Mama, na mimi ni kibarua?" Kesho yake nikagomba kazini mpaka tukakubaliana kupokezana simu ya usiku, zamu ya mtu mmoja kila siku. Na nikipanda hizi ngazi zetu za mawe, nakaa kwenye lile jiwe la katikati, unalikumbuka, mpaka pumzi irudi ndiyo niingie ndani. Watoto wanadhani mlima umenishinda. Waache.

Mjomba anarudi Alhamisi. Mpe senene, tena wa msimu huu, na uwatoe mabawa vizuri. Wale wa mwaka jana Kulwa aliwatema mbele ya mama mkwe.

Wako,
Mama Kulwa