Waya wa taa usibebeshwe uzito

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lililozoeleka mno majumbani mwetu, nalo ni kutengeneza taa za kuning'inia kwa kuungaunga. Taa ikianza kuwaka na kuzima yenyewe, mtu hupanda juu ya meza, husokota nyaya kwa vidole, huzizungushia solotepu au kipande cha mfuko wa nailoni, na taa ikiwaka basi kazi imekwisha.

Siwalaumu wanaojitengenezea vitu vyao, kwani fundi ni gharama. Ninachopinga ni kuuacha waya ubebe taa. Siku hizi taa nzito za vioo na chuma hutundikwa kwenye dari za jipsamu, ambazo hazina nguvu ya kushika skrubu, na ndoano inapochomoka uzito wote hushukia kwenye waya. Waya ukivutwa, skrubu ndogo zilizomo ndani ya holda, yaani kishikio cha balbu, huachia taratibu. Pale palipolegea hupata moto, ganda la plastiki hukauka na kupasuka, na cheche huanza. Solotepu haiwezi kustahimili joto hilo: gundi yake hulainika, tepu hubanduka, na shaba hubaki wazi juu ya vichwa vya watoto.

Ndoano ikazwe kwenye mbao ya dari, mnyororo ubebe taa, na waya ulegezwe kidogo kando ya mnyororo. Nyaya ziungwe kwa konekta ya skrubu, ambayo bei yake ni ndogo. Tena, kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, kwa sababu zipo nyumba ambazo swichi ilifungwa kwenye waya wa nyutro (unaorudisha umeme) badala ya laivu (unaouleta), hivyo holda hubaki na umeme wa volti 230 ilhali taa imezimika. Izimwe swichi kuu, kisha nyaya zipimwe kwa testa kabla ya kuguswa.

Wenye nyumba za kupangisha nawasihi wamwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, mara mpangaji anapotoa taarifa, wasimwachie ahangaike peke yake. Nao mafundi wa dari, kabla hawajafunga jipsamu, wapigilie kipande cha mbao mahali patakapotundikwa taa, kwani wakati huo ni kazi ndogo sana, ilhali baadaye hulazimu dari kukatwa.

Mpangaji,
Tanga.