Tusiwazime vijana wanaouliza ushahidi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo linanikera siku nyingi. Wakristo wenzangu, tena watu wazima na elimu zao, wakiulizwa ushahidi wa kihistoria kuhusu Yesu wanajibu "sisi tunaamini tu, imani haihitaji ushahidi", halafu haohao jioni wanasambaza kwenye magrupu ya WhatsApp picha za magurudumu ya magari ya Farao eti yamekutwa chini ya Bahari ya Shamu. Sasa tushike lipi? Kama ushahidi hauna maana mbona unausambaza, na kama una maana mbona hukuuliza nani kayatoa hayo magurudumu na yamehifadhiwa wapi? Hakuna mwanaakiolojia aliyeyathibitisha mpaka leo.

Mi naona tatizo limeanzia kwenye kusahau kwamba imani yetu yenyewe imejifunga kwenye historia. Tukikiri Kanuni ya Imani tunamtaja Pontio Pilato, mtawala wa Kirumi, mpagani kabisa, na yupo pale kwa sababu tunadai mambo haya yalitokea kweli, mahali panapojulikana, chini ya serikali inayojulikana. Paulo naye akiwaandikia Wakorintho, kwenye miaka ya 50 hivi yaani miaka ishirini na kitu tu baada ya msalaba, anasema Yesu aliwatokea ndugu zaidi ya mia tano kwa pamoja na wengi wao bado wako hai. Mtu anayesema hivyo anakwambia nenda kawaulize! Na ni huyohuyo aliyeandika kwamba kama Kristo hakufufuka basi imani yenu ni bure.

Na ushahidi wa nje ya Biblia upo jamani, sio wa kuokoteza. Tacitus, mwanahistoria wa Roma, kama mwaka 116 hivi aliandika kwamba Kristo aliuawa enzi za Kaisari Tiberio kwa hukumu ya Pilato, na huyu mtu Ukristo aliuita ushirikina wa hatari kwahiyo huwezi kusema alikuwa anatupigia debe. Mwaka 1961 kule Kaisaria, pwani ya Israeli, likapatikana jiwe limechongwa jina la Pilato na cheo chake. Kinachonigusa zaidi mimi ni kile kilichopatikana Yerusalemu mwaka 1968, mifupa ya mtu aliyesulubiwa karne ya kwanza, msumari bado umo kwenye mfupa wa kisigino, na mifupa yake imewekwa vizuri ndani ya sanduku la mawe kwenye kaburi la familia. Kuna wanaosema waliosulubiwa walikuwa wanatupwa tu, hawazikwi, na ni kweli wengi ndivyo ilivyokuwa, lakini huyu ndugu zake walimchukua wakamzika, kwahiyo habari ya Yesu kushushwa na kuzikwa sio kitu kisichowezekana.

Ila tuwe wakweli hadi mwisho. Josephus, yule mwandishi Myahudi, ana sehemu mbili zinazomtaja Yesu, ile fupi inayomtaja Yakobo ndugu yake Yesu wataalamu wengi wanaikubali, ile ndefu wengi wanasema wanakili wa Kikristo waliiongezea maneno. Kwahiyo ukiitumia sema na hilo. Na Luka anasema sensa ya Kirenio, liwali wa Kirumi kule Shamu (Siria), ndio iliyowapeleka Yusufu na Mariamu Bethlehemu, wakati sensa ya Kirenio tunayoijua ilikuwa mwaka 6 BK, na Herode, ambaye Injili inasema ndiye alikuwa mfalme Yesu alipozaliwa, alishakufa kama miaka kumi kabla. Majibu yaliyotolewa ni mengi, hakuna lililowaridhisha wote.

Na hilo jiwe la Pilato linathibitisha Pilato alikuwepo, basi, halithibitishi kaburi lilikuwa wazi. Historia inaweza kunifikisha msalabani, inaweza hata kunionyesha kwamba wanafunzi walisadiki kabisa wamemwona Bwana akiwa hai, lakini kusema "Bwana wangu na Mungu wangu" hapo ni mimi na yeye, hakuna msumari wala jiwe litakalonisemea.

Watu wanapenda kumtumia Tomaso, yule mwanafunzi aliyekataa kusadiki ufufuo mpaka aone, kuwanyamazisha vijana, "heri wasioona wakasadiki". Sawa, lakini soma kilichotangulia, Tomaso hakufukuzwa, alionyeshwa mikono.

Ndio maana nawaomba wachungaji na walimu wa kipaimara na katekisimu, haya mambo yafundisheni darasani, Tacitus na jiwe la Pilato, na hiyo sensa ya Kirenio pia msiiruke. Kijana akiikuta kwanza mtandaoni, kwa mtu anayetaka kumtoa kwenye imani, ataona tulijua tukamficha, na akishaona hivyo hata yale ya kweli tuliyomfundisha hatayaamini tena.

Msomaji wenu