Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Julai 2023 hadi Juni 2024

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, wapenzi wa tamthilia za mchana za televisheni, mlio hapa Marekani na wenzetu wachache wa Nairobi na Mombasa, ambao hulipa ada bila kukumbushwa. (Wa hapa mmesikia.)

Mwaka huu tulipata sherehe mbili za Daytime Emmy, tuzo za Marekani za vipindi vya televisheni vya mchana, ndani ya miezi sita. Ya 50 ilipangwa Juni 2023, ikakwamishwa na mgomo wa waandishi wa filamu na televisheni, kisha wa waigizaji, ikaja kufanyika Los Angeles tarehe 15 Desemba. Ya 51 ikafuata tarehe 7 Juni 2024. Tamthilia zetu za mchana hazikusimama, kwa kuwa waigizaji wake wako chini ya mkataba tofauti na ule uliogomewa.

Kwa waigizaji wasaidizi, jambo kubwa lilikuwa la Desemba. Tuzo ya wanawake ilikwenda kwa marehemu Sonya Eddy, aliyeigiza muuguzi mkuu Epiphany Johnson katika tamthilia ya General Hospital tangu 2006. Alifariki Desemba 2022 akiwa na miaka 55, hivyo ushindi wake ulitangazwa karibu mwaka mzima baadaye. Usiku ule kwenye kundi letu la WhatsApp watu walipeana pole zaidi ya hongera. Wengi wetu ni wauguzi au tunahudumia wazee majumbani. Unatoka zamu ya usiku, unalala, unaamka mchana, unawasha televisheni na kumkuta Epiphany naye yuko zamu, kasimama kwenye kaunta ya wauguzi, faili mkononi, akimsubiri daktari amalize kupayuka ndipo amweleze la kufanya. Tulimjua mtu huyo. Baadhi yetu ndio yeye.

Hapo ndipo penye hoja ambayo kamati imenituma niilete kwenu. Majaji wa Emmy hawaangalii mwaka mzima wa kazi. Huletewa vipande ambavyo mwigizaji amevichagua, na ni mwigizaji huyo huyo anayeamua ajiandikishe kama mkuu au kama msaidizi. Sasa mtu ambaye kazi yake ni dakika mbili leo, tatu keshokutwa, kwa miaka 16, akate kipande kipi? Mwenye nafuu ni yule msaidizi ambaye mwaka huo amekabidhiwa kisa kizito cha kumtosha mhusika mkuu. Max Gail alishinda 2019 na 2021 kwa kumwigiza Mike Corbin, mzee anayepotewa na kumbukumbu. Alistahili, nami nililia kama wengine. Lakini kwa miezi ile kisa chake ndicho kilichokuwa kimeibeba General Hospital, na sioni usaidizi ulikuwa wapi.

Kundi hili la tuzo lilianza 1979, wakishinda Peter Hansen wa General Hospital na Suzanne Rogers wa Days of Our Lives, ambaye hadi leo bado anamwigiza Maggie. Wakati huo tamthilia zilikuwa zaidi ya kumi. Kufikia 2024 zilikuwa zimebaki nne, na sura ni zilezile kila mwaka. Ndiyo maana sikushangaa Robert Gossett kushinda tuzo ya wanaume mara zote mbili, Desemba na Juni, kwa kumwigiza Marshall Ashford wa General Hospital. Waliolalamika kwamba ni mno niliwasikia. Siko pamoja nao. Mzee yule akishika klarineti yake, mwanawe Curtis akiwa amemkasirikia, huhitaji kuelezwa historia ya familia.

Juni, kwa wanawake, alishinda Courtney Hope, Sally Spectra wa The Young and the Restless. Wanachama wa rika langu, tuliokua na The Bold and the Beautiful, tulimkumbuka Sally Spectra wa kwanza, wa tamthilia hiyo, aliyeigizwa na marehemu Darlene Conley, aliyeteuliwa kuwania tuzo hii na asiipate. Mjadala huo ulichukua wiki nzima na haukuwa na adabu sana. Naomba yaishe.

Kuhusu mambo yetu ya ndani: hesabu atazisoma mweka hazina, nami sitamwingilia. Wenye madeni ya ada ya miaka miwili wamwone kabla ya mkutano, maana kikatiba hawatapiga kura.

Kamati inapendekeza tubadili kura yetu wenyewe ya mwigizaji msaidizi bora. Kuanzia mwakani, atakayependekeza jina ataje matukio ya miezi tofauti, yasiyopungua manne, na kipande kimoja cha kilio hakitatosha. Katibu ameshaandika rasimu. Marekebisho yamfikie kwa maandishi wiki mbili kabla ya mkutano mkuu, pamoja na majina ya wanaogombea nafasi yangu, kwa kuwa muhula wangu umekwisha na sitagombea tena.