Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya: matini za Kiingereza za vyuo vya afya ziandaliwe upya

Katibu Mkuu,
Wizara ya Afya,
Mji wa Serikali Mtumba,
Dodoma.

YAH: KUANDAA UPYA MATINI ZA KIINGEREZA WANAZOSOMEA WANAFUNZI WA VYUO VYA AFYA

Ndugu Katibu Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkufunzi wa Kiingereza na stadi za mawasiliano katika chuo kimoja cha afya hapa Mtwara. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe si la chuo kimoja. Wenzangu wa Lindi na Masasi wanalijua vizuri kuliko ninavyoweza kulieleza.

Vijana tunaowapokea kusomea stashahada ya utabibu wametoka kidato cha nne. Sifa za kujiunga zinadai wawe wamefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kiingereza kikiwemo ni nyongeza nzuri, kisipokuwemo hakimzuii mtu, na mimi sina ugomvi na utaratibu huo. Kijana aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba kule Tandahimba, kisha akapambana na sayansi kwa Kiingereza mpaka akafaulu, kichwa cha kuwa tabibu anacho. Shida inaanza anapokabidhiwa sura nzima ya fiziolojia iliyoandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa Boston au Edinburgh, na jaribio liko wiki ijayo.

Watu wengi, pamoja na baadhi ya madaktari wanaokuja kutufundishia, hudhani kinachomshinda kijana huyu ni istilahi. Sivyo. Majina ya viungo na magonjwa wanayashika haraka ajabu. Ukishawaonyesha kwamba mkia wa neno wenye asili ya Kigiriki, -itis, humaanisha uvimbe wenye joto na maumivu, wenyewe wataanza kutambua ugonjwa wa ini, wa figo, wa maungio, bila kufungua kamusi. Kinachowaangusha ni yale yaliyo katikati ya istilahi: sentensi ya mistari minne ambayo kitenzi chake kimejificha mwishoni, ukanushi juu ya ukanushi, kauli ya kutendwa isiyosema nani atende. Msomaji anafika kwenye nukta akiwa amesahau alikotoka.

Watafiti wa usomaji, akiwemo Paul Nation wa New Zealand, wamekadiria kwamba ili mtu asome na kuelewa bila msaada anahitaji kufahamu maneno takriban 98 katika kila 100. Kwa ukurasa wa maneno 300 hiyo ni kusema maneno mageni yasizidi sita. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wangechinja mbuzi kama yangekuwa sita.

Wapo wanaosema dawa ni kutafsiri kila kitu kwa Kiswahili tuachane na karaha hii. Nami ninakipenda Kiswahili, lakini mwongozo wa taifa wa matibabu umeandikwa kwa Kiingereza, barua za rufaa zinaandikwa kwa Kiingereza, na mtihani wa mwisho ni wa Kiingereza. Maadamu ndivyo yalivyo, kumfundisha tabibu bila kumwezesha kusoma lugha hiyo ni kumfungia mlango atakaouhitaji akiwa peke yake zahanati, usiku, hana wa kumuuliza.

Wengine wanasema turahisishe. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, maana kurahisisha kunaonekana kazi nyepesi. Mtu akifupisha kila sentensi, vya kwanza kuondoka ni vile vineno vinavyoonekana havina kazi: huenda, mara nyingi, kwa nadra, kwa baadhi ya wagonjwa. Katika hadithi ya sungura na fisi hatungepoteza kitu. Katika utabibu, dalili inayowapata wachache inageuka kuwa dalili ya kila mgonjwa, na tabibu mchanga asipoiona anamrudisha mgonjwa nyumbani. Vivyo hivyo sentensi ndefu ikikatwa vipande bila kuachiwa viunganishi vyake, mwanafunzi anabaki na taarifa tatu zisizojuana: figo zimeshindwa, potasiamu imepanda, moyo umesimama. Kukariri atakariri. Kwa nini moyo ulisimama hatajua, wala hatajua ni wapi angeweza kuingilia kati.

Ninachoomba ni matini iliyoongezewa, hata kama itakuwa ndefu kuliko ya awali. Istilahi ibaki ilivyo, ifuatwe na maelezo mafupi kwa Kiingereza chepesi; pembeni kuwe na Kiswahili pale tu kinapohitajika; kiunganishi kilichojificha kitolewe nje kionekane. Dozi zitolewe kwenye aya ziwekwe kwenye jedwali. Chukua sindano ya artesunate kwa malaria kali: mtoto mwenye uzito chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kila kilo, mwenye kilo 20 na kuendelea miligramu 2.4 kwa kila kilo; dozi ya kwanza mara moja, nyingine saa ya 12, nyingine saa ya 24, kisha mara moja kila siku hadi mgonjwa aweze kumeza, ndipo apewe dozi kamili ya dawa mseto. Habari hiyo ikiwa ndani ya sentensi moja yenye mabano na vishazi, msomaji dhaifu anachanganya uzito na saa. Kwenye jedwali la mistari michache haichanganyiki, na hakuna hata tarakimu moja iliyobadilishwa.

Hapa inabidi niseme juu ya madesa. Kila chuo kinayo, na wewe mwenyewe bila shaka uliyasoma enzi zako. Kwa kukosa matini zinazosomeka, wanafunzi hutegemea muhtasari wa kaka na dada zao wa miaka iliyopita, uliotolewa kopi juu ya kopi pale stationeri hadi wino umepauka. Nukta ya desimali ni kitu cha kwanza kufutika. Sihitaji kukueleza 2.4 ikisomeka 24 inakuwa nini. Sisi walimu tunayakemea madesa darasani, ila hatujawapa vijana kitu cha kuyashinda.

Jambo la pili ni mifano. Nenda kwenye sura ya ngozi katika vitabu vingi vya Kimarekani, sehemu ya vipele vinavyotokana na kugusa kitu. Mfano mkuu ni mmea mmoja utambaao wa Amerika ya Kaskazini ambao hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuuona. Mmea huo ni wa familia moja na mkorosho. Mafuta ya ganda la korosho yana kemikali za jamii ileile, na yanababua ngozi kwa njia ileile. Kila mwanafunzi wa Mtwara au Lindi ameona mikono ya mama au shangazi anayebangua korosho nyumbani. Ukiongeza aya moja ya Kiingereza kuhusu korosho, sura yote inafunguka, na mwanafunzi anaanza kubishana na kitabu, kitu ambacho mwalimu wa kusoma anakiombea usiku na mchana. Picha nazo ni hivyohivyo: wekundu wa ngozi unaoelezwa vitabuni ni wa ngozi nyeupe. Matini iliyoandaliwa vyema imwelekeze kijana wetu aangalie nini kwenye ngozi nyeusi, kisha akague wapi zaidi: macho, viganja, ndani ya mdomo.

Wala si kwamba kusini hatumo vitabuni. Chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, iliandikwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, na jina lenyewe ni la Kimakonde. Konzo, ile ya kupooza miguu kutokana na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, imewahi kuripotiwa mkoani kwetu. Matende na mabusha sina haja ya kuyaeleza. Ni haki mwanafunzi wa Newala ayakute magonjwa haya katika matini anazojifunzia kusoma, badala ya kuanza na kuumwa na kupe wa misitu ya Ulaya.

Msaada huu wote uwe wa muda. Muhula wa kwanza maelezo yawe mengi. Yapungue kadiri mwanafunzi anavyopanda, hadi mwaka wa tatu asome mwongozo wa taifa ulivyo, bila maelezo ya pembeni wala jedwali la mwalimu. Na katika kila matini kuwe na zoezi la kurudi kwa mgonjwa: umesoma aya kwa Kiingereza, sasa andika kwa Kiswahili maswali utakayomuuliza bibi aliyetoka Kitaya na homa ya siku tatu. Asiyeweza kuyaandika hakuielewa aya, hata kama alijibu vizuri maswali ya kuchagua.

Kazi hii mwalimu wa lugha peke yake haiwezi. Mimi nikiachiwa ninaweza kuandika sentensi nzuri yenye kosa la kitabibu. Daktari akiachiwa atarudisha sentensi ya mistari minne. Inahitaji wawili wakae pamoja, na mfamasia apitie namba kabla ya kuchapwa. Leo hakuna anayekaa, kwa sababu kwenye mgawanyo wa kazi za mkufunzi kuandaa matini hakuhesabiwi kama kipindi. Tunaandaa jioni, kila mmoja kivyake, na mtu akihamishwa anaondoka nazo kwenye flashi.

Haki miliki isiwe kisingizio. Vitabu vya biashara kweli hatuvigusi bila ruhusa. Ila machapisho ya Shirika la Afya Duniani, tangu mwisho wa 2016, kwa kawaida hutolewa kwa leseni inayoruhusu kuyabadilisha kwa matumizi yasiyo ya biashara, kwa masharti yanayotekelezeka. OpenStax, mradi wa vitabu huria wa Chuo Kikuu cha Rice huko Marekani, nayo ina kitabu kizima cha anatomia na fiziolojia kilichoruhusiwa kubadilishwa. Na mwongozo wa taifa ni mali ya Wizara yako. Tupeni faili linaloweza kuhaririwa badala ya PDF, nusu ya safari itakuwa imekwisha.

Kwa hiyo ombi langu, Ndugu Katibu Mkuu, ni kwamba vyuo vya Mtwara na Lindi viruhusiwe kuanza kwa muhula mmoja, mada moja, tuseme malaria. Wakufunzi wawili kila chuo wahesabiwe saa za kazi hiyo. Matini zikusanywe mahali pamoja, kila moja iwe na tarehe na saini ya daktari aliyeipitia, na dozi zikibadilika kitaifa abadilishe mtu mmoja kwa niaba ya wote.

Ninazo tayari matini mbili, ya malaria kali na ya ngozi, zilizopitiwa na daktari na kusomwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nikielekezwa ofisi gani hapo Wizarani izipokee, nitazituma kupitia kwa mkuu wa chuo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkufunzi wa Kiingereza na stadi za mawasiliano,
Mtwara.