Kodi mara kumi na mbili si hesabu

Ndugu Mhariri,

Kurasa za uchumi hupenda kuwaambia wasomaji kwamba nyumba ya kupangisha humwingizia mtu fedha akiwa amelala. Huenda. Lakini mwenye nyumba mgeni huanza kupoteza fedha hizo kabla hata mpangaji hajahamia. Kwanza kwenye hesabu, kisha siku ya kukabidhi funguo. Naomba nafasi nizungumzie hayo mawili.

Wengi hupiga kodi ya mwezi mara kumi na mbili, basi. Tuseme kodi ni 100 kwa mwezi, kwa fedha yoyote ile, na marejesho ya mkopo ni 70. Machoni inabaki 30 kila mwezi, yaani 360 kwa mwaka. Sasa anza kutoa. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja tu, 1,200 ya mwaka inashuka hadi 1,100. Msimamizi akichukua asilimia 10 ya makusanyo, imebaki 990. Tenga asilimia 10 ya kodi ya mwaka kwa matengenezo, yaani 120, inabaki 870. Kodi ya jengo na bima tukadirie 60, inabaki 810. Benki inataka 840. Umepungukiwa 30, na kodi ya mapato hatujaigusa.

Fungu la matengenezo ndilo watu huliruka, kwa kuwa mwaka wa kwanza huenda lisiguswe kabisa. Pampu, hita ya maji na paa haviharibiki kidogo kidogo kila mwezi ili vikupe nafasi ya kujipanga. Huharibika kwa mkupuo, na mara nyingi wakati nyumba iko tupu. Ukiona hesabu imetoka hasi kabla ya kununua, shusha bei au punguza mkopo. Kupandisha kodi kwenye karatasi hakusaidii. Anayeng'ang'ania 105 wakati wapangaji wanatoa 100, nyumba ikakaa tupu mwezi mzima kwa ajili hiyo, amepoteza 100 ili aongeze 5 kwa mwezi. Atairudisha baada ya miezi 20, ikiwa mpangaji atakaa miezi 20.

Nije kwenye nyumba yenyewe. Rangi mpya isikulaghai. Anza na maji. Funga koki zote, soma mita, subiri saa moja bila mtu kugusa maji, kisha soma tena. Namba zikisogea, maji yanavuja mahali. Choo cha kuflashi kina mtego wake: tia rangi ya chakula kwenye tangi, ngoja dakika 20 bila kuvuta. Rangi ikionekana bakulini, raba ya chini ya tangi imechoka, na maji yanapita usiku kucha bila sauti. Raba hiyo ni kitu kidogo sana, bili ya maji siyo. Bafuni mwaga ndoo moja ya maji sakafuni. Yakituama pembeni badala ya kukimbilia tundu la maji machafu, mteremko ulikosewa, na ukuta wa chumba cha pili utaanza kuvimba plasta usawa wa miguu. Kupaka rangi juu ya plasta hiyo ni kazi utakayoirudia kila mwaka.

Umeme mwite fundi mwenye leseni, lakini fungua bodi ya vikata umeme umwulize jambo moja: vikata umeme vinalingana na waya? Saketi ya soketi, yaani njia ya waya kutoka bodini, isiyozunguka kama pete na kurudi bodini, ikiwa na waya wa milimita za mraba 2.5 kwa kawaida hulindwa na kikata umeme cha ampea 20. Mpangaji aliyechoshwa na umeme kukatika kila akiwasha pasi na jiko pamoja humwita mtu, naye anaweka cha ampea 32. Umeme haukatiki tena. Kinachopata moto sasa ni waya ndani ya ukuta, na hakuna wa kuuzuia. Hita ya maji ya bafuni nayo iwe na saketi yake peke yake, yenye waya mnene zaidi.

Sasa siku ya makabidhiano. Hati ya makabidhiano iliyoandikwa "nyumba iko katika hali nzuri" haina kazi siku ya ugomvi. Andika chumba kwa chumba: sebule, ukuta wa dirishani, matundu 2 ya misumari, jikoni, kigae 1 kimepasuka chini ya sinki, kitasa cha chumba kikubwa, funguo 3. Namba za mita ya maji na ya umeme ziandikwe mbele ya mpangaji. Piga picha zenye tarehe, mtie saini nakala mbili, kila mmoja abaki na yake. Siku ya kuondoka karatasi ileile inarudi mezani, na mnapita chumba kwa chumba kwa mpangilio uleule.

Hapo ndipo amana inapoamuliwa. Amana ni fedha ya mpangaji iliyo mikononi mwako, kwa hiyo ikae akaunti ya pekee. Anayeinunulia saruji atatafuta visingizio vya kutoirudisha. Tena tenganisha uchakavu na uharibifu. Rangi iliyofifia kwa jua ni uchakavu, mlango uliotobolewa ni uharibifu. Na hata uharibifu haulipwi kama kitu kipya. Ikiwa rangi hukaa miaka 5 na mpangaji ameiharibu katika mwaka wa 3 ukiisha, mkate sehemu mbili kati ya tano za gharama, si gharama yote.

Kumchagua mpangaji hakuhitaji kipaji. Taarifa za benki za miezi mitatu, kodi isiyozidi theluthi moja ya kipato chake, na simu kwa mwenye nyumba aliyempangisha kabla ya huyu wa sasa. Huyu wa sasa anaweza kumsifu ili tu aondoke. Vigezo viwe vilevile kwa kila mwombaji.

Mkataba utaje majina ya wakaao ndani, siku ya kulipa, muda wa notisi kwa pande zote mbili, nani anatengeneza nini, na kama mpangaji anaruhusiwa kumpangisha mwingine. Iarifu kampuni ya bima kwamba nyumba inapangishwa. Bima iliyokatwa kwa nyumba anayoishi mwenyewe inaweza kukataliwa siku ya madai.

Kodi ikichelewa, andika notisi siku ya kwanza baada ya muda wa nyongeza kuisha, ukitaja kiasi na tarehe, na ubaki na nakala. Usimkatie maji wala kubadilisha kufuli akiwa bado ndani. Katika nchi nyingi hilo ni kosa, na linaweza kumgeuza mdaiwa wako kuwa mlalamikaji mahakamani. Kufuli libadilishwe akishahama na kukabidhi nyumba, kila anapoondoka mpangaji, kwani hujui alichongesha funguo ngapi. Kwa vitasa vya silinda huhitaji kununua kitasa kizima. Silinda, yaani sehemu unakoingia ufunguo, kwa kawaida hutoka kwa skrubu moja ubavuni mwa mlango.

Msimamizi wa nyumba za kupanga